Tahadhari: muuzaji wa vifuniko vya magurudumu ya magari ya zamani anayebuni majina na miaka

Tahadhari hii inawahusu wote wanaotunza au kufufua magari ya zamani na kununua spea kwa kutumiana picha na pesa kwa simu. Yupo muuzaji anayetangaza vifuniko vya magurudumu katika makundi ya WhatsApp na Facebook ya Nairobi na Dar es Salaam, akidai kwamba kila seti ni ya kiwandani na imetoka kwenye gari la mwaka fulani. Simtaji jina, kwa kuwa akaunti zake hubadilika na jina analotumia leo huenda si lake. Kinachomtambulisha ni utaratibu wake, ambao haubadiliki. Hupiga picha ya upande wa mbele tu, kromu ikiwa imeng'arishwa. Huandika mwaka wenye mvuto. Hudai amana itumwe kabla ya jioni kwa kuwa yuko mteja mwingine. Na akiombwa picha ya upande wa nyuma, hujibu kwamba mzigo umeshafungwa.

Nimekagua seti kadhaa zilizonunuliwa kwake na wenzetu, baadhi yao wakiwa wanaandaa magari kwa ajili ya Concours d'Elegance ya Nairobi, yaani mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri, na sikuona hata moja iliyolingana na maelezo yake.

Udanganyifu wake mkubwa uko kwenye Volkswagen Beetle, kwa sababu wanunuzi wa gari hilo ni wengi na vifuniko vyake, kwa mtu asiyezoea, vyote vinafanana: duara la kromu lenye V juu ya W. Ukweli ni kwamba umbo lilibadilika. Magari ya hadi toleo la 1965, yenye rimu ya inchi 15 na boliti tano, yalivaa kofia, yaani kifuniko cha katikati ya gurudumu, iliyovimba kama bakuli lililofunikwa. Kuanzia toleo la 1966 zikaja kofia bapa, pamoja na rimu zenye matundu ya kupitisha hewa, na muda mfupi baadaye boliti zikaanza kupungua hadi nne. Muuzaji huyu huuza kofia bapa kwa jina la 1955 au 1957, miaka ambayo kofia hizo hazikuwapo, kwa bei ya zile zilizovimba. Anapobanwa hujitetea kwamba gari lilitengenezwa 1965, na hapo huwachanganya wengi, kwa sababu Volkswagen walikuwa wakianza toleo la mwaka unaofuata mwezi Agosti. Beetle iliyotoka kiwandani Oktoba 1965 kwa kweli ni ya toleo la 1966. Utetezi huo unaweza kuokoa tangazo la 1965, lakini hauwezi kuokoa la 1957.

Kuna alama nyingine anayoificha kwa kutoonyesha upande wa nyuma. Kofia ya Beetle hushikwa na vibanio vilivyofungwa kwenye rimu yenyewe, na kofia kwa ndani ni laini, ina ukingo tu wa kunasia. Ukigeuza kilichouzwa kwa jina la Beetle ukakuta meno ya chuma yamezunguka mgongo wake, umeshika kifuniko cha gari lingine kilichobandikwa nembo.

Kwa upande wa Peugeot 404 hutumia historia kama chambo. Husema vifuniko vyake vilitoka kwenye gari lililoshinda Safari Rally, na ni kweli kwamba 404 ilishinda mashindano hayo mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, mara mbili kati ya hizo ikiendeshwa na Bert Shankland aliyekuwa akiishi Tanzania. Lakini magari ya mashindano kwa kawaida huvuliwa vifuniko, kwani hung'oka kwenye mashimo na humchelewesha fundi anayebadilisha gurudumu. Dai la namna hiyo bila hati wala picha ya wakati ule halistahili kuongezewa hata shilingi moja.

Vya Mercedes-Benz W123 ni rahisi zaidi kuvichunguza. Kiwandani vilipakwa rangi ya bodi, hivyo vinne vya gari moja huwa na rangi moja hadi kwenye ukingo wa ndani. Vya muuzaji huyu hupuliziwa upya kwa mbele. Kwa ndani nilikuta kimoja cha kijani, kimoja cha rangi ya maziwa na viwili vyeupe. Kununua vya mchanganyiko si kosa, mradi bei iwe ya mchanganyiko.

Siku hizi ameongeza vile anavyosema vimeletwa kutoka Marekani. Hapo angalieni miaka kwa makini. Chevrolet ya 1956 ilikuwa na rimu ya inchi 15 na ya 1957 ikashuka hadi 14, na yeye hupima kifuniko kutoka ukingo hadi ukingo badala ya kutaja kipimo cha rimu, ilhali kifuniko cha rimu ya 14 kinaweza kukaribia inchi 15 kwa nje, hivyo cha 1957 kikauzwa kama cha 1956. Vifuniko vyenye mabawa matatu katikati, yaani vipande vya chuma vilivyochomoza kama mapanga ya feni, huviita Oldsmobile Fiesta halisi. Gari hilo la 1953 lilitengenezwa kwa idadi ya 458 tu, na umbo la vifuniko vyake lilipendwa hata likanakiliwa na watengenezaji wa spea kwa miaka mingi. Alipotangaza vya mabawa akidai vilikuja kiwandani na gari jipya la Kimarekani la 1969, alijifunga mwenyewe: kanuni ya usalama ya serikali ya Marekani ilipiga marufuku mabawa hayo kuanzia 1 Januari 1968, na haikuondolewa hadi 1996.

Wengine wanapendekeza sumaku. Inafaa kufichua plastiki iliyopakwa rangi ya fedha, lakini alumini nayo haishiki sumaku, na chuma cha pua kiko cha kushika na kisichoshika. Kwa hiyo msimwite mtu tapeli kwa ushahidi wa sumaku peke yake. Kilicho bora ni kudai, kabla ya kutuma chochote, picha ya mgongo wa kila kifuniko kati ya vinne, ikiwa na karatasi yenye tarehe ya siku hiyo, pamoja na namba zozote zilizogongwa, na futi ikiwa imelazwa juu yake. Muuzaji mwaminifu atanung'unika kidogo, kisha atapiga picha hizo.

Aliyekwisha kutuma amana aombe mara moja kwa kampuni ya simu muamala usitishwe, ahifadhi tangazo na mazungumzo kabla hayajafutwa, kisha apeleke taarifa polisi. Seti anayoitangaza wiki hii kwa jina la "Beetle 1958, haijaguswa" ni kofia bapa zenye vitundu viwili vya kuingizia waya wa kuzing'olea, na picha yake ya pili, iliyopigwa kwa kuinama, inaonyesha meno mgongoni mwa kofia moja.