Inzi usiyemjua: umpige picha tu au umkamate?

Umeng'atwa porini Serengeti, inzi katua kwenye kioo cha gari, we unajiuliza huyu mbung'o (inzi anayenyonya damu) au inzi wa kawaida tu. Kwa gharama picha inashinda, simu unayo tayari, na hifadhini huwezi kukamata wadudu hovyo bila kibali.

Kwenye uhakika ndo pana utamu. Mbung'o akitulia anapanga mabawa moja juu ya lingine kama mkasi uliofungwa, mrija wa kunyonya damu unachomoza mbele, na ukivuta picha karibu unaona katikati ya bawa kijumba, yaani sehemu iliyozungukwa na mishipa ya bawa, chenye umbo la kichwa cha shoka. Hapo umemaliza! Ila piga juu na ubavuni, picha moja yenye ukungu haisaidii, na mimi inaniuma sana kuona mtu kapiga kivuli tu. Lakini ukitaka kujua ni mbung'o wa aina gani, Glossina swynnertoni au pallidipes, picha inakwama mara nyingi, wataalamu wanaangalia rangi za miguu na viungo vya uzazi vya dume kwa hadubini.

Utunzaji sasa: kwenye spiriti rangi zinafifia, ukimkausha sisimizi wanamla, na usipoandika mahali na tarehe kazi bure.

Mtalii picha inamtosha. Mfugaji ambaye ng'ombe wanakonda na anahofia nagana, ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na mbung'o, akamate kadhaa ampelekee daktari wa mifugo, na picha apige kabla hawajafa.