Treni ya usiku Bangkok hadi Chiang Mai: lipia kitanda cha chini

Kwa asiye na muda wa kusoma yote: kata treni namba 9, daraja la pili, kitanda cha chini. Ukikosa cha chini na ratiba yako haikubani, subiri cha kesho yake.

Treni hii inaondoka Bangkok saa 12:40 jioni (kwenye tiketi utaona 18.40) na kuingia Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand, saa 1:15 asubuhi. Ni takriban kilomita 750. Ndege inamaliza njia hiyo kwa saa moja na ushee, na siku za ofa nauli yake inaweza kuwa chini ya bei ya kitanda. Basi nalo ni rahisi zaidi. Kwa hiyo anayekusifia treni kwa bei hajakuambia kweli. Faida yake ni kwamba ile baht (pesa ya Thailand) elfu moja hivi unayotoa inalipa nauli na malazi kwa pamoja. Kwa mtu anayezunguka na begi mgongoni, anayehama mji kila baada ya siku chache, kuokoa pesa ya gesti halafu kuamka uko unakokwenda ni nafuu kubwa.

Stesheni kwanza, maana hapo watu wanapotea. Makala nyingi za zamani zinakuelekeza Hua Lamphong, stesheni kongwe ya mwaka 1916 katikati ya mji. Tangu Januari 2023 treni za masafa marefu za kaskazini zinaanzia Krung Thep Aphiwat, eneo la Bang Sue, na treni ya chini ya ardhi ya laini ya buluu inakufikisha hapo hapo. Ni jengo kubwa mno, ukiingia utadhani uko uwanja wa ndege. Saa 12 kamili jioni wimbo wa taifa unapigwa kwenye vipaza sauti na ukumbi mzima unasimama, hata aliyekuwa amelalia begi lake. Simama nawe, haumalizi hata dakika mbili.

Tiketi inakatwa kwa jina la pasipoti. Wakala mmoja mtaa wa wageni aliniapia kuwa vitanda vya chini vimekwisha, vimebaki vya juu tu, tena kwa bei yenye cha juu yake. Nikaenda mwenyewe dirishani stesheni, cha chini kikapatikana. Ila ni kweli vinawahi kwisha, hasa wikiendi na sikukuu.

Sasa kitanda chenyewe. Usitegemee vyumba kama vya Tazara, watu wanne au sita mmefungiwa mlango. Daraja la pili ni behewa la wazi, njia inapita katikati, na kila upande kuna viti viwili viwili vinavyotazamana. Unakaa, unapiga soga, unakula. Kisha mhudumu anapita na ufunguo wake. Anavuta viti viwili mpaka vinakutana, anatandika godoro juu yake, anafungua bawaba ukutani na kitanda cha juu kinashuka kikiwa na godoro tayari. Shuka zinatoka kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, zina alama za pasi bado. Mto, blanketi, pazia linaning'inizwa, anahamia kwa jirani. Nilisimama kwenye njia nikimwangalia kwa raha tu, maana mimi kutandika kitanda kimoja nyumbani kunanichukua muda kuliko yeye behewa zima.

Tofauti ya bei kati ya juu na chini ni kama baht 100, na sijaona baht 100 nyingine yenye kazi kubwa hivyo Thailand nzima. Chini ni kupana zaidi na dirisha lote ni lako. Juu hakuna dirisha, unapanda kwa ngazi, umezuiwa usianguke kwa mikanda, na taa za dari zinazowaka usiku kucha ziko jirani na uso wako. Mabehewa yanayotumika ni yale yaliyotoka China mwaka 2016, kwa hiyo kila kitanda kina taa ya kusomea na soketi. Plagi zetu za pini tatu za mraba haziingii, beba adapta.

Na beba kanga. Kiyoyozi cha treni za huko hakina huruma, blanketi ni jembamba, na mtu aliyezoea joto la Tanga ataisoma namba. Moja nilijifunga kichwani, ya pili nikaiongeza juu ya blanketi, nikalala.

Mimi nilichukua behewa la wanawake na watoto. Dada zangu mnaosafiri peke yenu, liulizieni wakati wa kukata. Mabeseni ya kunawia yako mwisho wa behewa, udhu unatoka vizuri ukivizia treni isipoyumba, na swala niliisali kwa kukaa kitandani pazia likiwa limefungwa. Pombe ndani ya treni ilipigwa marufuku mwaka 2014, kwa hiyo kelele za walevi hakuna. Chakula kipo cha kuagiza, lakini nguruwe kwao ni kitoweo cha kawaida na kuelewana ni kazi, hivyo nilinunua wali na samaki kabla ya kupanda. Mama mmoja wa Lamphun, mji jirani na Chiang Mai, niliyetazamana naye alinikaribisha matunda ya kwao, ganda la kahawia na nyama nyeupe yenye majimaji kama shokishoki, tukala mpaka mhudumu akatufukuza vitini atandike.

Daraja la kwanza ni chumba cha watu wawili chenye mlango na beseni lake. Wenza watalipenda. Msafiri wa peke yake analipa nusu bei zaidi ili afungiwe na mgeni, mimi sioni mantiki yake.

Reli ni ya upana wa mita moja, ile ile ya treni yetu ya zamani ya Kigoma, kwa hiyo mwendo ni wa taratibu na behewa linacheza. Amka alfajiri. Treni inapanda milimani na kupenya handaki la Khun Tan, zaidi ya kilomita moja na robo la giza, na ukitoka upande wa pili ni misitu yenye ukungu mpaka karibu na mashamba ya Lamphun. Aliye kitanda cha juu hayo yote anahadithiwa.

Chiang Mai, nje ya stesheni, kuna pikapu nyekundu zinazobeba abiria kwa kuchangia. Patana kabla ya kupanda. Mimi nilikwenda moja kwa moja mitaa ya msikiti wa Ban Haw, wa Waislamu wenye asili ya Yunnan, China, ambako khao soi, tambi za mchuzi wa nazi, unazila bila kuuliza maswali.

Kurudi ni treni namba 10, inaondoka saa 12 jioni na inatakiwa kufika Bangkok kabla ya saa 1 asubuhi. Kuchelewa kupo, kwa hiyo usikate ndege ya asubuhi hiyo hiyo.