Kliniki ya Malindi iliyonisaidia na OCD: nyota nne

Nawapa nyota nne kati ya tano, na ile ya tano nitaeleza imekwama wapi. Nina OCD. Kwa asiyeijua, ni ugonjwa wa akili ambao wazo hukung'ang'ania hata usilitake, ukarudia kitendo fulani ili upate nafuu ya dakika chache, kisha wazo likarudi vilevile. Kwangu lilishika udhu. Naosha mkono, nashuku kiwiko hakikupata maji, naanza upya. Alasiri inakaribia nami bado nimo bafuni na adhuhuri sijaiswali, vidole vimepasuka ngozi.

Kwetu Lamu kombe, yale maji yaliyooshewa aya za Kurani zilizoandikwa, nimekunywa, na silidharau, lilinituliza moyo. Hospitali moja ilinipa vidonge vya usingizi, nikaambiwa nipumzike. Hapa kwenye kliniki ya Malindi ndipo nilipoulizwa kwa mara ya kwanza: "Usiporudia, unaogopa kutatokea nini?"

Mwanasaikolojia alianza na fomu ya Yale-Brown, ya kupima ukali wa OCD, maswali 10, alama za juu kabisa 40, na zikipanda ndivyo ugonjwa ulivyo mkali. Nilipata 28. Akanieleza tiba yenyewe: unakabili kile unachokiogopa hatua kwa hatua, na unajizuia kufanya kile kitendo cha kujituliza, mpaka hofu ishuke yenyewe. Njia hii ilianzia London mwaka 1966 kwa mwanasaikolojia Victor Meyer. Nilihofu ataniambia niswali bila udhu. Hakusema hivyo. Alinitaka tumpigie simu ustadhi wangu tukiwa pamoja, na ustadhi akasema wanayoyajua wanafunzi wote wa fiqhi, yaani sheria za dini: yakini haiondolewi na shaka, ulilo na hakika nalo halivunjwi na wasiwasi, na kiungo hakioshwi zaidi ya mara tatu. Wakakubaliana wawili hao kwamba mimi nitaosha mara moja tu, ambayo ndiyo faradhi, kwa kopo la kibaba kimoja, bomba limefungwa. Mtume (S.A.W.) mwenyewe alitawadha kwa kiasi hicho. Maji yakiisha natoka, hata moyo ukinidunda vipi. Mwanzoni nilikuwa natetemeka juu ya mswala. Hofu ikapanda, ikakaa, ikashuka bila mimi kurudi bafuni. Jambo hilo sikuliamini hadi nilipolipata mwilini mwangu.

Lakini kilichonifaa kuliko vyote ni siku waliyomwita mama. Nilikuwa namuuliza kutwa, "Mama, umeniona nimeosha mguu?" Naye kwa huruma yake, "Umeosha mwanangu, nimekuona." Akaelezwa taratibu, bila kulaumiwa, kwamba jibu lile ndilo linaloupa ugonjwa chakula. Mama alilia. Wakamfundisha aseme, "Hilo swali la wasiwasi, mwanangu, silijibu. Njoo tukae." Tukafanyishwa mazoezi palepale, mimi nauliza, yeye anakataa, narudia kuuliza, anakataa tena kwa upole. Nyumbani ilikuwa kazi, na shangazi ilibidi naye afundishwe, maana mama akikataa nilikuwa nakimbilia kwake.

Dawa niliandikiwa fluoksetini na daktari wa akili. Alinionya mapema kwamba kwa OCD mara nyingi huhitajika dozi kubwa kuliko ya sonona, kwamba huenda zikapita hadi wiki 12 kabla ya kuona faida yake kamili, na kwamba nisiiache ghafla. Kichefuchefu kilinipata mwanzoni, kikaisha.

Sasa hiyo nyota ya tano. Mapokezi hayana faragha kabisa: unaulizwa shida yako mbele ya benchi zima, na Malindi watu wanajuana. Vikao vya simu ya video wanavyo, na kwa sisi wa visiwani ni neema, ila mtandao ukikatika dakika zako zinaendelea kuhesabiwa na kulipiwa. Hilo si haki, warekebishe.

Juzi nimejaza fomu tena, nimepata 13. Bado zipo siku nzito, hasa za kukoga janaba, na hilo ndilo tunaloshughulikia sasa.

Mnaotoka Lamu, Pate au Faza, kikao cha kwanza njooni wenyewe, msianze na simu. Ombeni nafasi ya baada ya adhuhuri ili basi la asubuhi la Mokowe liwe limeshafika, na mje na mtu mnayeishi naye nyumba moja. Hawamtozi kitu.