TAHADHARI: Fundi ameniuzia kontroboksi (kompyuta ya injini) yangu mwenyewe

Ndugu zangu, someni hii kabla hamjampa mtu ufunguo wa gari. Naandika kwa hasira, na kwa aibu pia, maana mimi ndiye niliyekuwa nawatangazia kwamba safari hii nimepata fundi wa kweli.

Gari ni lile lile, na ugonjwa, kwa asiyeujua, ni huu. Likiwa baridi halina neno. Ukiendesha nusu saa hivi, injini ikishika moto, linazima ghafla kama mtu kachomoa ufunguo. Halikohoi wala halitetemeki. Unapiga stata, injini inazunguka vizuri lakini haishiki. Ukisubiri dakika 20 linawaka na kuondoka kana kwamba halikuwa na tatizo. Plagi nilishabadilisha, filta ya mafuta nilishabadilisha, betri ni mpya. Lilipozima tena katikati ya njia panda, watoto wakiwa kiti cha nyuma na lori linanipigia honi, nikasema sasa basi.

Mtaniuliza nilimwamini kwa nini. Kwa sababu aliuliza maswali ya mtu anayejua kazi! Linazima likiwa la moto au baridi? Linazima mara moja au linaanza kukosa nguvu? Taa ya injini inawaka? Alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo mafundi watatu waliomtangulia hawakulifanya. Halafu akatoa mashine ya kupimia, akaichomeka chini ya usukani, taratibu, bila papara. Na aliyenielekeza kwake ni mtu ninayemheshimu. Simlaumu, naye kaumia.

Akanigeuzia kioo cha mashine. "Bosi, njoo ujionee mwenyewe." Pameandikwa namba ya kosa, P0335. Nikapiga picha. Akaweka kidole kwenye ile namba, akashusha sauti: "Hii ni kontroboksi. Ubongo wa gari umekufa. Mwingine angekuuzia pampu hapa, lakini mimi sili pesa ya mtu bure." Hilo ndilo neno lililonimaliza. Akafungua kifuniko, akachomoa boksi, akanikabidhi niinuse. "Unasikia inavyonuka kuungua?" Wallahi niliisikia harufu. Leo najua lilikuwa vumbi na plastiki ya miaka mingi, ila saa ile nilinusa kile nilichoambiwa ninuse.

Akasema anajua ilipo boksi kama hiyo, yuzidi lakini safi, ila mwenye nayo anataka taslimu na kuna mteja mwingine yuko njiani. Nikatoa pesa niliyoitunza kwa ajili ya matairi, yote. Akaondoka na boksi yangu ili akalinganishe namba. Nilikaa pale saa moja na nusu. Akarudi na boksi inang'aa, stika imebanduliwa, akachomeka, akaniambia washa. Likawaka palepale. Nilimpa mkono, nikamwongezea na pesa ya soda, nikamshukuru.

Kumbe lilikuwa limepoa! Lingewaka hata asingegusa kitu.

Kesho yake likazima, nusu saa ile ile. Nikampigia, akasema boksi mpya imezidi nguvu pampu ya zamani, kwa hiyo sasa ninunue pampu. Nilipomwambia sina, hajapokea simu yangu tena.

Aliyeniokoa ni binamu yangu. Alisubiri lizime kwanza. Akafungua swichi, akasikiliza pampu: inalia sekunde 2 hivi, nzima. Akatoa koili, ile inayopeleka umeme kwenye plagi, kupima cheche: hakuna. Akaniambia nipige stata huku anaangalia mshale wa mizunguko ya injini kwenye dashibodi: umelala kwenye sifuri. Akaidondoshea maji baridi sensa ya krenki, ile inayoiambia kontroboksi kwamba injini inazunguka ili itoe cheche na mafuta. Likawaka. Nikamwonyesha picha, akanikodolea macho. P0335 ni kosa la sakiti ya sensa ya krenki. Iko kwenye kila orodha ya namba hizo. Mashine ilisema kweli, mwongo ni mtu. Sensa moja, na waya wake uliokuwa umekauka ukabadilishwa, na wiki ya tatu hii halijazima.

Halafu akachomoa ile boksi yangu "mpya". Pembeni kuna mkwaruzo tuliouweka wenyewe, mimi na yeye, siku tuliyofunga kengele ya wizi kwenye gari. Ni yangu! Fundi alikwenda kuifuta, akabandua stika, akaniuzia.

Huyu mtu afungwe. Sisemi aonywe, sisemi arudishe pesa yaishe, afungwe, na ile mashine anyang'anywe, maana ndiyo anayoibia watu. Gari kuzima njiani ni hatari, na yeye alijua halijapona, akaniacha niondoke na watoto. Kwangu mimi hilo linazidi wizi. Waliowahi kulizwa naye wajitokeze tuandikishe malalamiko pamoja.

Dalili zilikuwepo. Hakupima cheche. Hakusubiri lizime mbele yake. Aliondoka na kitu cha zamani akakirudisha bila mimi kukiona tena. Na gari langu lina imobilaiza, yaani kinga ya wizi inayotambua ufunguo: binamu anasema boksi ngeni isingewaka kwa ufunguo wangu bila kuoanishwa kwanza, na ile iliwaka papo hapo. Mengine nitaongeza nikitulia.

Jina silitaji kwa kuwa shauri liko polisi na nimeambiwa nisiliharibu. Mliomwachia gari kwa ajili ya "ubongo uliokufa", nendeni mkalichukue leo, hata kama liko wazi nusu. Na wewe fundi, najua utaisoma hii. Picha ya kioo chako ninayo, na boksi yenye mkwaruzo ninayo.