Tiketi ya VIP au ya kawaida? Uzoefu wangu wa matamasha ya wazi Dodoma

Kwa wenye haraka: tamasha likiwa uwanja wa wazi hapa Dodoma, nunua tiketi ya kawaida, ingia mapema, kasimame karibu na hema la mafundi mitambo. VIP nimeitumia na nitaitumia tena nikiongozana na mzee au mtu asiyeweza kusimama saa nyingi, lakini kwa upande wa muziki naipa nyota mbili kati ya tano. Ya kawaida naipa nne. Nazungumzia shoo za kiangazi, Juni mpaka Oktoba, pale Uwanja wa Jamhuri, Chinangali Park na viwanja vingine visivyo na paa, ambako bongofleva, singeli na, ukibahatika, bendi ya dansi hupanda jukwaa moja usiku mmoja.

Bei nilizozoea kulipa ni shilingi 10,000 kwa kawaida, pungufu kidogo ukinunua mapema, na 30,000 hadi 50,000 kwa VIP. Meza za VVIP zinauzwa kwa kundi na bei yake ni ya wenye shughuli zao. Unachoongezewa VIP ni kiti cha plastiki, hema, foleni fupi ya mlangoni na ya chooni, na mhudumu wa vinywaji. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachokusogeza kwenye sauti nzuri, na mara nyingi unazidi kuwa mbali nayo.

Shida ni mahali VIP inapowekwa. Mapromota huiweka ama mbele kabisa, chini ya pua ya jukwaa, ama pembeni kwenye ulingo ulioinuliwa. Ukikaa mbele kabisa, spika kubwa zilizoning'inizwa juu zinapitisha sauti juu ya kichwa chako kwenda kwa watu wa nyuma. Wewe unabaki na besi za chini na ngoma zinazotoka jukwaani kwenyewe. Maneno ya msanii huyapati. Fundi makini hupanga spika ndogo ukingoni mwa jukwaa kwa ajili ya watu wa mbele. Usipoziona, jua hiyo 50,000 umenunulia picha tu.

Pembeni kuna kasoro nyingine, ya besi. Shoo nyingi za huku hupanga spika za besi makundi mawili, kushoto na kulia kwa jukwaa. Mtu wa katikati anapokea mawimbi ya pande zote mbili kwa wakati mmoja, yanaongezeana nguvu. Mtu wa pembeni anapokea la upande mmoja kabla ya la pili. Besi ya hezi 60 ina wimbi la karibu mita 5.7, kwa hiyo upande mmoja ukiwa mbali kuliko mwingine kwa mita tatu hivi, mawimbi mawili yanauana na noti hiyo inapotea. Ndiyo maana unaweza kusimama mahali besi inakutikisa kifua, ukasogea hatua nne kwenda kununua maji, ukakuta muziki umekonda. Mwenye tiketi ya kawaida anarudi zake hatua nne. Wa VIP kiti chake kimefungwa kwa uzio.

Hema la mafundi, lile lenye meza ya kuchanganyia sauti, kwa kawaida linasimamishwa katikati ya uwanja, mita 25 mpaka 35 kutoka jukwaani. Fundi anapanga sauti kwa masikio yake akiwa hapo, kwa hiyo anachokisikia yeye ndicho kilichokusudiwa. Simama mbele yake kidogo au ubavuni. Nyuma yake pabaya, turubai na vyuma vinaziba. Na ukiingia ukakuta hema hilo limebanwa kando ya jukwaa, jirani na VVIP, kwa sababu promota hakutaka kupoteza nafasi ya katikati, punguza matarajio: fundi hasikii unachosikia.

Nyuma zaidi ya hapo mambo yanategemea kama wameweka spika za nyuma. Sauti hutembea karibu mita 340 kwa sekunde. Jukwaa likiwa golini upande mmoja wa uwanja wa mpira wenye mita 105, aliyeko goli la pili anaipata ikiwa imechelewa karibu theluthi moja ya sekunde, ndiyo maana kwenye skrini kubwa midomo na maneno haviendani. Hilo halina tiba, lakini nguvu ya sauti inayo: nguzo mbili za spika mita 50 hivi kutoka jukwaani, zikicheleweshwa kwa takriban sekunde 0.15 ili ziungane na zinazotoka mbele. Zikiwashwa bila kucheleweshwa, kila neno unalisikia mara mbili. Jaribu wakati MC anaongea, kabla ya muziki. Ukisikia "Dodoma-doma mpo-mpo", sogea mbele mpaka neno liwe moja. Wakati mwingine mwangwi huo unatoka kwenye ukuta wa zege wa jukwaa la watazamaji, na hapo fundi hana kosa. Ondoka tu karibu na ukuta.

Kitu kidogo kinachoniudhi kuliko hata foleni: bango la mdhamini lililotandazwa juu ya spika. Kitambaa chenye matundu hakina neno. Turubai la plastiki linameza sauti zote kali, herufi "s" na "t" zinafutika, matoazi yanakuwa kama yanapigwa chumba cha pili.

Halafu kuna upepo, ambao watu wa Dar hawauhesabu. Kiangazi upepo wa Dodoma unatoka zaidi mashariki na kusini-mashariki, na kuanzia Agosti unakuja na vumbi. Sauti inayokwenda kinyume na upepo hupinda kuelekea juu na kukupita. Inayofuata upepo hupinda chini ikakufikia vizuri. Angalia mabango na bendera kabla hujachagua mahali. Zikipepea kutoka jukwaani kuja kwako, hata ukiwa mita 60 unasikia vizuri. Zikipepea kuelekea jukwaani, ingia ndani ya mita 30 na usitoke. Upepo ukiwa wa kuvuma na kukatika, sauti za juu zitakuwa zinakuja na kuondoka kama redio inayotafuta stesheni. Usimzomee fundi kwa hilo. Na ukiona wanateremsha skrini au spika zilizoning'inizwa, wanafanya jambo la maana, maana bango kubwa kwenye upepo lina nguvu ya tanga.

Kwa vumbi, dalili ya mwandaaji anayejali ni boza la maji limepita uwanjani alasiri. Kama halikupita, singeli ikianza, mapigo zaidi ya 200 kwa dakika na watu wote miguu juu, hewa inabadilika rangi. Beba barakoa. Wenye lenzi za macho vaeni miwani siku hiyo. Viatu viwe vya kufunika, kwa vumbi na kwa vipande vya chupa.

Baridi nayo si ya mzaha. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka mpaka nyuzi 13 au 14, bila kuhesabu huo upepo. Tangu treni ya umeme ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, wageni wa shoo kutoka Dar wameongezeka, na unawatambua ikifika saa 5 usiku: fulana nyepesi, mikono kwapani. Chukua jaketi la kuzuia upepo. Shuka peke yake linapeperuka. Wakati wa kucheza jaketi lifunge kiunoni, maana ukilowa jasho kisha ukasimama ndipo baridi inapokushika.

Masikio. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2022 kwamba kwenye kumbi na matamasha sauti isizidi wastani wa desibeli 100 kwa kila dakika 15. Kanuni inayotumiwa na wataalamu wengi wa usalama kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3, muda salama unakatwa nusu: 94 ni saa moja, 100 ni dakika 15. Shoo yetu hudumu kwa saa sita au saba mfululizo. Vizibo vya sponji, vile vya viwandani, vinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya usalama na baadhi ya maduka ya dawa, na bei yake haifikii ya soda za usiku mzima. Namna ya kuvivaa ndiyo inayowashinda wengi. Kisokote mpaka kiwe chembamba kama njiti, pitisha mkono mwingine nyuma ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, kiingize, kisha kishikilie kwa kidole sekunde 20 hadi 30 kitanuke. Kikibaki kimechomoza nusu, hakifanyi kazi. Ubaya wa sponji ni kwamba inakata sauti kali kuliko besi, muziki unakuwa mzito. Vile vya silikoni vyenye chujio hupunguza desibeli 15 hadi 20 kwa uwiano mzuri zaidi, na kwa anayehudhuria mara kwa mara ningevinunua hivyo. Pamba haisaidii kitu cha maana. Mtoto mdogo avalishwe kinga za kufunika sikio zima, na asikae mbele ya besi hata kidogo.

Kuhusu laivu na plebeki, soma bango. Kama halijaandika kwamba kuna bendi, chukulia msanii ataimba juu ya wimbo wake uliorekodiwa, huku DJ akisukuma. Ukiwa uwanjani angalia jukwaa saa 12 jioni: dramu zenye maikrofoni, ampu za gitaa, nyaya nyingi sakafuni, hiyo ni laivu. Meza ya DJ na maikrofoni mbili tu, hiyo ni plebeki. Kwa plebeki sioni sababu ya kulipa zaidi ya 10,000. Kwa bendi iliyotesti mitambo mchana, hata mara mbili yake nalipa.

Umeme: taa zikififia kila besi inapopiga, jenereta imezidiwa, na sauti inagawana umeme na taa. Volti ikishuka sana, meza ya kidijitali inajizima, na kuiwasha upya kunachukua dakika kadhaa za MC kutaniana na watu. Waandaaji wazuri hutenga jenereta ya sauti peke yake.

Mengine nayapitia haraka. Tangazo likisema milango saa 10 jioni, wasanii chipukizi wanaanza saa 1 au 2 usiku, na jina kubwa usilitegemee kabla ya saa 6. Tiketi ya mtandaoni ipige picha ya skrini ukiwa nyumbani; mbele ya geti mtandao unajaa na ujumbe hautafunguka. Kwa sababu hiyohiyo malipo ya simu hukwama vibandani, kwa hiyo beba noti ndogondogo. Kula kabla. Mishkaki ya uwanjani ni ghali na imelala, na kama ni Jumamosi, nyama choma ya mnada wa Msalato mchana itakufikisha mpaka asubuhi. Kutoka, ukisubiri wimbo wa mwisho uishe utakuta bodaboda na bajaji zimepandisha bei maradufu. Tembea mtaa mmoja au miwili kwenye barabara yenye taa, patana bei kabla ya kupanda, hasa kama unakwenda Nkuhungu, Ilazo au UDOM.

Ukitaka muziki wa laivu kweli, usiotegemea spika wala VIP, kuna tamasha la muziki wa Cigogo, yaani wa Wagogo, kule Chamwino, kilomita thelathini na kitu kutoka mjini kwa barabara ya Morogoro, linalofanyika kipindi hikihiki cha kiangazi. Lilianzishwa na Kedmon Mapana, ambaye amekuwa Katibu Mtendaji wa BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), na vikundi vinatoka vijiji vya Ugogo. Tamasha hilo nalipa nyota tano kati ya tano. Hapa mahali pa kukaa panabadilika kwa kila kikundi. Muheme, ngoma za akina mama zinazobanwa kati ya mapaja, usizikaribie sana: mita kumi zinatosha, na sauti zile za kuitikiana kwa tabaka zinaungana vizuri zaidi kwa umbali huo. Zeze na ilimba, marimba ya mkono ya Wagogo, ni kinyume. Ile ilimba, ambayo mwanamuziki wa Kigogo, marehemu Hukwe Zawose, aliifikisha kwenye majukwaa ya dunia kabla ya kufariki mwaka 2003, ina vitundu vilivyofunikwa utando wa buibui ili itoe mvumo wa kukwaruza, na mvumo huo ukiwa nyuma ya watu mia mbili hausikiki. Kaa chini mstari wa kwanza. Wakileta maikrofoni moja ya kuimbia na kuielekeza kwa mpiga zeze, sogea karibu zaidi na chombo chenyewe, maana spika italeta sauti ya mwimbaji na kuacha zeze.

Beba kigoda, kofia na maji, kwa sababu sehemu kubwa ni mchana na kivuli ni cha kugombea. Daladala za kurudi mjini hupungua giza likiingia, basi dereva wa kukurudisha mtafute asubuhi, uchukue namba yake.