Broka wa bima Mwanjelwa, Mbeya: walivyolifuatilia dai langu baada ya kenta kunigonga Ilomba

Nawapa nyota nne hawa broka walionikatia bima, na ile moja niliyoinyima nitasema kwa nini. Kampuni ya bima ya yule aliyenigonga ningeipa mbili, sitaitaja jina, na hizo mbili zenyewe ni kwa sababu hatimaye walilipa.

Ajali yenyewe haina mengi. Ni Ilomba, kwenye ile barabara inayopanuliwa njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi, kijana wa bendera katusimamisha, nimesimama kabisa na IST yangu, nyuma ikaja kenta imejaza viazi vya Isyonje ikashindwa kusimama ikatuvaa. Buti likaingia ndani, kioo cha nyuma chote chini, taa, bampa, na wifi yangu aliyekaa mbele shingo ikaanza kumuuma palepale. Dereva akashuka anatetemeka, "dada samahani sana, tuyamalize hapahapa, nipe namba yako jioni nakutumia laki tatu, viazi vya watu hivi". Kwa kweli nilimwonea huruma, ila laki tatu hapo haifiki hata kwenye kioo na taa, na jioni ya mtu usiyemjua ni jioni ipi?

Nikampigia yule dada wa kitengo cha madai pale kwa broka wangu. Akapokea mlio wa pili. Hapo ndipo sifa zao zinapoanzia maana wengi wanaotuuzia stika ukiwapigia baada ya kugongwa simu inaita mpaka inakata. Akaniambia dada pole, kuna aliyeumia? Nikamwambia wifi shingo. Akasema basi kabla gari hazijasogezwa piga picha zote mbili zionekane na barabara, piga picha leseni ya dereva, kadi ya gari kama anayo, na stika ya bima namba zisomeke, ita trafiki, usipokee hela wala usisaini karatasi yoyote ya barabarani. Akaniomba namba ya kenta nimtumie, akaingia kwenye mfumo wa TIRA, ile mamlaka ya serikali inayosimamia bima, unaohakiki stika, kabla hata trafiki hajafika akanijibu kwamba bima ipo, ni hai, na kampuni fulani ndiyo iliyoitoa. Hii kuhakiki hata wewe unaweza kufanya kwa simu yako kupitia tovuti ya TIRA, unaweka namba ya gari inakuletea, na naomba kila mwenye gari aifanye kwa gari lake mwenyewe leo maana stika kioo cha mbele si ushahidi wa kitu, ushahidi ni kilichopo kwenye mfumo.

Sasa nieleze kitu ambacho huku kwetu watu wengi hawakijui na kinawaumiza. Mimi nina bima ndogo, yani ile ya mtu wa tatu, ya 118,000 ya gari binafsi. Mtaani wanaamini ukiwa na bima ndogo ukigongwa imekula kwako, ndo maana watu wanakubali laki mbili tatu za barabarani wakijiona wamebahatika. Si kweli. Bima ndogo yangu hailipi gari langu, hilo ni sawa, lakini bima ya aliyenigonga ndiyo inatakiwa inilipe, kwa sababu huyo mtu wa tatu anayeandikwa kwenye bima yao ndiye mimi, haijalishi mimi nimekata ndogo au kubwa. Mwenye bima kubwa ana njia nyingine ya mkato, anakwenda kwenye kampuni yake mwenyewe, anatengenezewa gari, analipa mwenyewe kile kiasi cha mwanzo cha hasara kilichoandikwa kwenye mkataba wake, halafu kampuni yake ndiyo inahangaika kumdai mwenye kosa. Sisi wa bima ndogo tunahangaika wenyewe. Na hapo kwenye kuhangaika ndipo broka mzuri na broka wa kuuza stika wanapoachana.

Maana makaratasi jamani. Kuna fomu za polisi, PF 90, PF 93 na PF 115, kuna ramani ya ajali, kuna ukaguzi wa gari unaofanywa na polisi, kuna PF3 ya wifi ambayo alitakiwa aende nayo hospitali, kuna makadirio ya gereji, kadi ya gari, leseni yangu, stika yangu. Juu ya hayo yote kampuni ikataka kuona kwamba kosa ni la dereva wao kweli, yani hati ya mashtaka na nakala ya hukumu ya mahakama. Dereva alikiri akapigwa faini, kwa hiyo hukumu ilikuwepo, lakini nakala haikufuati nyumbani, lazima mtu aiombe na aifuatilie. Yule dada alinipa orodha yote siku ya kwanza kwenye karatasi moja, kila karatasi inapatikana wapi, na ipi inatangulia ipi, nikawa sirudi ofisi moja kwa sababu ya kitu kilichosahaulika. Trafiki nao walinisaidia vizuri, afande aliyepima alikuwa muungwana.

Kilichotukwamisha ni tajiri wa kenta, yani mwenye gari. Ili kampuni yake ifungue dai inataka mteja wake mwenyewe aripoti ajali na ajaze fomu, na tajiri hataki. Mara dereva nimeshamfukuza mtafuteni yeye, mara nipo safari Makambako, mara simu haipatikani. Ningekuwa peke yangu ningeishia hapo na nadhani wengi wanaishia hapo. Broka walichofanya ni kuandika barua moja kwa moja kwa kampuni ya bima, wakaambatanisha makaratasi ya polisi na picha ya stika, wakasema mteja wenu amesababisha ajali tarehe fulani na hataki kuripoti, sisi tunawaarifu rasmi kwa niaba ya aliyegongwa. Kampuni ikamwita tajiri wao wenyewe. Akaenda, akajaza. Sijui walimwambia nini ila alipatikana haraka!

Halafu akaja asesa, yule mtu wa kukadiria hasara kwa ajili ya kampuni. Gereji yangu ya Soweto ilikadiria 2,400,000 kwa bodi, spea na rangi. Kampuni ikaleta ofa ya 1,550,000, wanasema gari ni la zamani kwa hiyo wanakata uchakavu kwenye spea, na kioo wameweka bei ambayo hapa Mbeya hakuna duka linalouza bei hiyo, labda Kariakoo na hapo hujalipia basi la kukileta. Hapa ndo niliona kazi ya broka kwa macho yangu. Hawakubishana kwa maneno, walikusanya bei za spea za maduka ya hapahapa mjini kwa maandishi, wakazipanga kipengele kwa kipengele mbele ya bei za asesa, wakapeleka. Wakaongeza kwamba tusipoelewana tutakwenda TIRA, ambao ofisi ya kanda yetu ya Nyanda za Juu Kusini iko hapahapa Mbeya, na baada ya hapo kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Mimi nilikuwa sijui kama yupo huyo msuluhishi na kwamba hamtozi hela mlalamikaji. Hatukufika huko, ofa ilipanda mpaka 2,050,000 nikakubali kwa sababu gari lilikuwa limekaa gereji na mimi kila asubuhi napeleka mboga hotelini kwa bajaji.

Tatizo langu kubwa na ile kampuni ya bima ni kwamba ofisi yao ya Mbeya haina maamuzi. Unaulizia, unaambiwa faili lipo makao makuu Dar. Unapiga Dar, unaambiwa ulizia tawi lako. Kama mnakusanya hela za stika Mbeya, wekeni Mbeya mtu mwenye uwezo wa kusaini malipo ya milioni mbili, siombi kikubwa.

Kitu kimoja ambacho nawashukuru broka kuliko vyote ni siku ya kusaini. Kampuni ilileta ile karatasi ya kupokea malipo, wenyewe wanaita dischaji voucha, na imeandikwa kwamba nikisaini nimemaliza madai yote yanayotokana na ajali hiyo. Madai yote! Wakati wifi bado anaenda mazoezi ya shingo na risiti zinaongezeka. Yule dada akawaambia hapana, andikeni kwamba hii ni ya uharibifu wa gari peke yake, dai la majeraha linabaki wazi. Wakabadilisha. Mtu asiyejua angesaini kwa furaha ya kuona milioni mbili, na matibabu ya ndugu yake yangeishia kwenye mfuko wake. Ndaga fijo, asante sana dada, na bosi wako akisoma hapa akuongeze mshahara.

Sasa nyota niliyoinyima. Kwanza hawakuniambia mapema kwamba hela ya usafiri kwa kipindi chote gari halipo haitalipwa, kampuni iliikataa na nilikuwa nimetunza risiti zote bure. Ningejua mwanzo ningejipanga, ningembana fundi, au ningedai kwa nguvu tangu barua ya kwanza. Pili, ofisi nzima inamtegemea mtu mmoja. Yule dada alipoenda likizo Tukuyu faili langu likalala, aliyekuwepo mezani hajui limefikia wapi, ananiuliza mimi. Wafundisheni na wengine, kazi yenu ni nzuri mno kuiweka kichwani mwa mtu mmoja.

Kwa wanaouliza kuhusu gharama, sikuwalipa chochote cha ziada, mimi ni mteja wao wa kukata bima na wao wanapata kamisheni yao kwenye ile ile 118,000. Bei ya bima haipandi kwa sababu umepitia broka, kwa hiyo sioni sababu ya kununua stika dirishani kwa mtu ambaye hutamwona tena.

Na kwa sababu tunaishi kwenye njia ya Tunduma, niliwauliza pia ikiwa ningegongwa na semi la Zambia au la Kongo ingekuwaje. Wakaniambia magari hayo yanatakiwa yawe na kadi ya njano ya COMESA, ile jumuiya ya soko la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, ambayo ndiyo bima ya gari linalovuka mpaka, na Tanzania ingawa tulijitoa COMESA bado tumo kwenye mpango wa hiyo kadi, madai yake hapa nchini yanapitia Shirika la Bima la Taifa, NIC. Kwa hiyo ukivaliwa na semi mteremko wa Iwambi usiangalie stika ya kawaida tu, omba kadi ya njano uipige picha kabla dereva hajaondoka, maana akishavuka mpaka kumpata ni kazi nyingine.

Ofisi iko Mwanjelwa, Jumamosi wanafunga mchana. Ukienda uliza dawati la madai, usikae foleni ya wanaokata stika. Dai la shingo ya wifi bado linaendelea, PF3 na risiti za hospitali ziko kwao, likilipwa au likikwama nitaongeza hapahapa.