Mizani ya betri au ya mshale?
Binamu yangu yuko Marekani, kule watu wanajaza risasi wenyewe nyumbani, akanipigia video nikiwa kwa sonara hapa Tabora tukaishia kubishania mizani ya kupimia baruti. Ya dijitali ni chap, unamwaga baruti namba inasoma hapohapo, ila feni ikiwaka tu tarakimu zinacheza, na greni 1 (kipimo cha uzito wa baruti) ni kama gramu 0.065 hivi so sio mzaha. Ya mshale inaboa, unasubiri utulie weee, lakini haijui betri wala umeme umekatika (Tabora mnajua wenyewe). Mi nachukua ya mshale. Yeye kagoma, kang'ang'ania ya dijitali, ila kila akianza anaijaribu na jiwe la kupimia, halafu anamulika tochi ndani ya maganda yote ya risasi kabla hajafunga, lililojazwa baruti mara mbili mara nyingi linajionyesha.